Kibanda Chenye Magurudumu

Tumezoea kuhakiki vitabu, tamthilia na nyimbo, lakini ni nadra sana kuhakiki vitu. Mtu akitunga shairi baya, wajuzi watakaa wamweleze ubaya wake. Akiunda kitanda kibaya, tunalala juu yake tu na kuamka tukiumwa mgongo. Mimi naamini kwamba kila kitu kilichobuniwa na binadamu kina hoja ndani yake. Jembe linasema jambo juu ya udongo, na mlango unasema jambo juu ya yule anayetarajiwa kuufungua. Maadamu kitu kina hoja, chaweza kusema kweli au kusema uongo, na anayekitazama ana haki ya kukiuliza maswali.

Katika insha hii nakusudia kuhakiki kitu kimoja ambacho hakuna mtu mwingine atakayejisumbua kukihakiki, kwa sababu kilikuwepo kimoja tu na mbunifu wake nilikuwa mimi mwenyewe. Ni tela la kulalia, lenye kuta ngumu, lililokusudiwa kuvutwa na pikipiki kutoka Nachingwea mjini hadi shambani kwa mjomba wangu, Kilimarondo. Msomaji asidhani kwamba najihurumia. Mchele mmoja mapishi mbalimbali, na mpishi aliyeunguza ndiye ajuaye vizuri zaidi mahali moto ulipozidi.

Kwanza nieleze mahali penyewe. Ukitoka Nachingwea mjini ukaelekea magharibi, kadiri unavyokwenda ndivyo vijiji vinavyoachana na ndivyo pori linavyokaribia, pori lile linaloendelea hadi upande wa Liwale na Tunduru. Kilimarondo iko huko. Watu wanalima mahindi, mtama, mpunga wa mabondeni, ufuta na korosho, na aghalabu shamba la chakula liko mbali na nyumba. Mahindi yakianza kubeba, mwenye shamba huacha nyumba yake na kuhamia shambani mpaka mavuno, kwa sababu asipolala huko, nguruwe pori watavuna kabla yake.

Makao yake huko ni dungu. Miti minne huchimbiwa, fito hupangwa juu yake ziwe sakafu, na paa dogo la nyasi huwekwa juu. Pande zote huachwa wazi, au hukingwa kwa makuti na magunia. Chini huwashwa moto. Mlinzi hukaa juu na debe la kupiga, mawe machache, kurunzi na sauti yake. Mjomba wangu amelala katika madungu ya namna hiyo tangu kabla sijazaliwa, na alipofikisha umri wa zaidi ya miaka 70 alikuwa bado anapanda ngazi ya fito kila jioni ya mwezi wa Machi.

Sisi Wamwera tunahesabu ukoo kwa upande wa mama. Mjomba ndiye mkubwa wako, ndiye anayekusimamia ukioa na ndiye anayeulizwa ukikosea. Kwa hiyo mpwa anayekaa mjini akila mahindi ya mjomba, huku mjomba akilala nje peke yake, ana deni. Hilo deni ndilo lililounda tela langu. Nalisema mapema kwa sababu baadaye nitaonyesha kwamba kitu kilichoundwa na deni humtazama zaidi mdaiwa kuliko mdai.

Hofu yenyewe haikuwa ya kubuni. Mwaka 2005 jarida la Nature lilichapisha makala ya Craig Packer na wenzake Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir. Walieleza kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563 na kujeruhi wasiopungua 308, na kwamba sehemu kubwa ya misiba hiyo ilitokea kusini mwa nchi yetu. Walieleza pia kwamba mashambulizi huzidi wakati wa mavuno, kuanzia Machi hadi Mei, na kwamba kiungo cha mkasa wote ni nguruwe pori. Mwenye kukaa mjini hufikiri kwamba simba anamfuata mtu. La hasha. Nguruwe anafuata mahindi, simba anamfuata nguruwe, mtu naye anamfuata nguruwe, na wote watatu wanakutana katika giza moja.

Mwaka 2011 Packer na wenzake walionyesha jambo jingine, kwamba siku za hatari zaidi ni zile zinazofuata mbalamwezi pevu, pale mwezi unapochelewa kuchomoza na saa za kwanza za usiku zinapokuwa nyeusi. Nilipomsimulia mjomba habari hii alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Ndiyo maana siku hizo huwa nakula mapema nikapanda juu." Alikuwa anajua, ila hakuwa ameandika.

Basi nikajiuliza: ikiwa dungu liko wazi, na mtu hana budi kulala shambani, kwa nini asilale ndani ya kuta ngumu? Na ikiwa shamba halina kuta ngumu, kwa nini kuta zisifuate shamba? Jibu nililipata katika picha. Wamarekani tangu miaka ya 1930 wamekuwa wakiunda matela madogo yenye umbo la chozi, ambayo ndani yake mnaingia godoro na watu wawili, na nyuma kuna kabati la mapishi. Baadaye wengine wakaunda madogo zaidi ya kuvutwa na pikipiki. Mengi kati ya hayo hufunguka yakawa hema la kitambaa, lakini yapo yenye kuta ngumu za plaiwudi nyembamba au fibaglasi iliyobandikwa juu ya povu gumu. Nilizitazama picha hizo kama kijana anavyotazama picha za harusi.

Nianze na sifa, maana uhakiki usio na sifa ni ugomvi. Matela yale ni kazi nzuri ya akili. Mbunifu wake anajua kwamba pikipiki hulala upande inapokata kona, lakini sanduku la magurudumu mawili halilali, kwa hiyo kiungio kinapaswa kugeuka pande tatu: kushoto na kulia, juu na chini, na kujizungusha. Anajua kwamba sehemu ndogo ya uzito, takribani moja ya kumi, yafaa iegemee kwenye kiungio, kwa sababu mzigo ukizidi nyuma ya ekseli, tela huinua mkia wa pikipiki na kuanza kutikisika kama mkia wa mbwa. Anajua kwamba uzito ukae chini na upana usizidi sana mikono ya usukani. Haya yote ni kweli, na ni kweli hata Nachingwea.

Lakini kila kazi ina nchi yake. Tela lile lina lami chini yake. Mbele yake kuna pikipiki kama Honda Gold Wing, yenye injini ya sisi zaidi ya 1,800 na uzito unaozidi kilo 350. Na mwisho wa safari yake kuna uwanja uliofyekwa, wenye bomba la maji, ambako mtu amekwenda kwa hiari yake ili apumzike. Kambi kwao ni mapumziko, kambi kwetu ni zamu. Tofauti hiyo niliiona kwa macho nikadhani ni ndogo.

Nilimpelekea fundi wa kuchomelea mchoro wangu. Urefu wa sanduku ulikuwa mita 2, upana sentimita 80 na kimo sentimita 90. Ukijumlisha sakafu, paa, mbavu na ncha zake unapata mita za mraba 8 na ushei. Nilitaka bati bapa la chuma la unene wa milimita 1, kwa sababu plaiwudi ya kwetu hubabuka masika ya kwanza. Chuma cha unene huo kina karibu kilo 8 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo ngozi peke yake ilikuwa kilo 65. Fremu ilikuwa ya vyuma vya kona, mita 20 kwa jumla, kilo 37. Ekseli, magurudumu mawili, mlango, bolti na mkono wa kuvutia vikaongeza kama kilo 25. Jumla ilikaribia kilo 127, kabla ya godoro, blanketi na dumu la maji la lita 20.

Pikipiki yangu ni ya sisi 125, kama zile ziendeshwazo na vijana wa bodaboda, na uzito wake ni kilo 110 hivi. Yaani nilikuwa nimembebesha punda punda mwingine aliye mnene kuliko yeye. Kosa hili ni la hesabu, na hesabu yake mtoto wa darasa la saba angeifanya. Mimi niliifanya baada ya kumaliza kulipa. Nilipoagiza kila kipande niliuliza kama kina nguvu, wala sikuuliza hata mara moja kina kilo ngapi. Mtu mwenye hofu huhesabu unene wa ukuta, haupimi uzito wake.

Fundi aliniuliza swali moja ambalo nalikumbuka mpaka leo. "Mwalimu, komeo liwe nje?" Nikamjibu upesi, "Ndiyo, liwe nje, mlango usije ukafunguka njiani." Naomba msomaji alihifadhi swali hilo, tutalirudia.

Safari ilianza alfajiri, mwanzoni mwa Machi. Kwenye barabara ya mjini tela lilifuata vizuri, na nikajiona mtu wa maana. Kijana mmoja wa bodaboda alinipita, akapunguza mwendo, akauliza, "Mwalimu, hilo ni jeneza au jokofu?" Nikacheka. Tulipoacha barabara nzuri ndipo uhakiki wa kweli ulipoanza, na mhakiki alikuwa njia yenyewe.

Njia za kwetu zimechorwa na malori. Kuna mifereji miwili ya magurudumu, na katikati kuna tuta lenye nyasi. Mwenye pikipiki huchagua mfereji mmoja akaenda nao. Lakini tela langu lilikuwa na magurudumu mawili yaliyoachana kwa sentimita 80, kwa hiyo pikipiki ilipokuwa mferejini, gurudumu moja la tela lilikuwa mferejini pamoja nami na la pili lilikuwa limepanda tuta. Sanduku lilisafiri limeinama upande kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi. Tela la gurudumu moja lingefuata mstari uleule wa pikipiki, lakini tela la gurudumu moja husimama kwa kuegemea pikipiki, na sanduku refu la kilo 127 lingemwangusha mwendeshaji siku ya kwanza. Hapo pana mgongano ambao sikuuona nilipokuwa nachora. Njia ilitaka gurudumu moja, sanduku lilitaka mawili. Hakuna bolti inayoweza kuwapatanisha hao.

Kwenye mteremko wa korongo nilijifunza mengine. Dumu la maji nilikuwa nimelilaza nyuma kabisa ili lisilowanishe godoro, kwa hiyo mkia ulikuwa mzito na tela likaanza kutikisika. Nilipokanyaga breki, tela halikuwa na breki yake, likanisukuma kama mtu aliyechelewa foleni. Kiungio chetu kiligeuka pande mbili tu badala ya tatu, pikipiki ikalala, sanduku likakataa kulala, na chuma kikapinda. Tulianguka polepole, kwenye mchanga, nami nikapata michubuko tu. Wapita njia walinisaidia kulisimamisha, na kupanda upande wa pili tulilisukuma kwa mikono huku klachi ikinuka. Nilifika jioni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Pole na safari. Hili nalo ni nini?"

Nikamweleza. Alilizunguka sanduku mara mbili, akaligonga kwa kidole, akasema ni imara. Kwa kuwa nilikuwa nimelivuta kutoka mjini, na kwa kuwa ni mtu mwenye haya, alikubali kulala humo. Mimi nikalala dunguni. Alipoingia ndani na kuuvuta mlango ndipo tulipogundua jambo ambalo fundi alikuwa ameliona siku nyingi: mtu aliye ndani hakuwa na namna ya kujifungia. Komeo lilikuwa nje. Usiku ule mjomba wangu aliufunga mlango wa chuma kwa kamba ya katani, akaishika ncha yake mkononi.

Nilisema kwamba mlango husema jambo juu ya yule anayetarajiwa kuufungua. Mlango wangu ulisema kwamba ndani mna mzigo. Mlango wa mzigo hufungwa kwa nje na mwenye mzigo, na mlango wa mtu hufungwa kwa ndani na mtu mwenyewe. Nilikuwa nimefikiria kilomita kwa kilomita namna sanduku litakavyofika, lakini sikuwa nimefikiria hata dakika moja ya usiku ndani yake. Kasoro nyingine zote nilizozitaja zinaweza kuitwa kasoro za ufundi. Hii ya komeo ni kasoro ya nia, nayo ndiyo inayohukumu kazi nzima.

Usiku wa pili mvua ilinyesha. Waliolala chini ya bati wanajua sauti yake. Ndani ya sanduku la chuma lenye kimo cha sentimita 90 hiyo si sauti tena, ni ngoma na wewe umo ndani ya ngoma. Matundu mawili ya hewa niliyokuwa nimetoboa yalikuwa na ukubwa wa kiganja, na pumzi za mjomba ziligeuka maji ubavuni mwa bati zikamdondokea. Alitaka kuingiza kijinga cha moto kwa ajili ya baridi na mbu, nikamkataza kwa ukali ambao si wa mpwa kwa mjomba, kwa sababu makaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, nayo humlaza mtu usingizi asiamke. Katazo lilikuwa sahihi. Lakini fikiri maana yake: dungu lilimpa moto, mimi nikamnyang'anya.

Asubuhi tulikuta mistari minne ya mahindi imelazwa. Mimi dunguni nilikuwa nimesinzia kama watu wa mjini wanavyosinzia. Mjomba hakunilaumu. Alisema tu, "Kule juu nasikia. Humu ndani nasikia mvua na moyo wangu, basi." Kisha, baada ya kufikiri, akaongeza, "Umenipa usingizi, na nakushukuru. Ila mimi huku sikuja kulala."

Sijapata kusoma uhakiki uliokamilika kuliko huo.

Kwa nini basi mtu mwenye akili zake aunde kitu cha namna hii? Sisi watu wa Nachingwea hatuna sababu ya kujifanya hatujui. Kati ya mwaka 1947 na 1951 wilaya yetu ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu, pamoja na Kongwa na Urambo, zilizochaguliwa na Waingereza kwa mradi mkubwa wa karanga. Walileta mashine za kila aina, hata vifaru vya vita vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta, na wakajenga reli kuelekea pwani. Mradi ulipoachwa mwaka 1951, hasara ilihesabiwa kuwa paundi zipatazo milioni 36, na reli yenyewe ilifungwa mwaka 1962 kisha ikang'olewa. Wazee hucheka wakisimulia. Lakini kosa la mradi ule halikuwa ukubwa wake, maana mimi nimelifanya kosa hilohilo kwa kilo 127. Kosa ni kuanza na chombo ulichokipenda, kisha kukitafutia ardhi.

Asije mtu akadhani nasema kwamba pikipiki haifai kuvuta wala kubeba zaidi ya mtu na gunia. Jirani zetu wa Malawi wametoa mfano ulio kinyume. Katika wilaya ya Mangochi, mwaka 2001 na 2002, vituo vitatu vya afya vya vijijini vilijaribu pikipiki zenye kitanda cha wagonjwa kilichofungwa ubavuni, kwa ajili ya kuwapeleka hospitali kina mama waliopatwa na matatizo ya uzazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba ucheleweshaji ulipungua kwa saa 2 hadi 4 na nusu, na kwamba bei ya kununua pikipiki hiyo ilikuwa mara 19 chini ya bei ya gari la wagonjwa. Nimekifikiria sana kitanda kile. Nacho ni chombo cha kulaza mtu, nacho kinakwenda kwa nguvu ya pikipiki. Tofauti ni kwamba kwa mama yule safari ndiyo haja yenyewe, na kila kilomita inayopita ni uhai. Kwa mjomba wangu safari si kitu. Yeye hufika shambani mara moja kwa msimu na kukaa miezi mitatu. Mimi nilimuundia chombo cha safari mtu ambaye tatizo lake ni kukaa.

Hilo ndilo neno langu moja juu ya tela la kulalia, na ningependa lisomwe na kila kijana mwenye mchoro mfukoni. Kabla ya kuuliza kitu kitakwendaje, uliza kitakaa siku ngapi. Kitu kinachosafiri siku moja na kukaa siku 90 yafaa kibuniwe kwa ajili ya zile siku 90, na ile siku moja itafutiwe namna. Tukikubali hivyo, neno zima la wepesi linabadilika. Wepesi hauhitaji bati jembamba wala povu la Ulaya. Unahitaji kukatwa vipande.

Nilirudi kwa fundi, safari hii na mizani. Tulilikata sanduku. Kila ubavu ukawa vipande viwili vya mita moja moja, vyenye fremu ya bomba jembamba la mraba na matundu ya bolti, na hakuna kipande kilichozidi kilo 20. Pikipiki ileile ilivibeba kwenye keria, kwa safari tatu, bila tela. Sehemu za juu za mbavu tuliziacha wazi kwa upana wa mkono, zikazibwa kwa nondo, ili sauti na hewa viingie. Paa la chuma tulilitupa tukaezeka nyasi nene juu ya nondo, na mvua ikawa mvua tena. Vipande vilifungwa chini ya dungu, kwenye miguu yake minne, na shimo likatobolewa sakafuni mwa dungu ili mtu ashuke ndani bila kukanyaga nje. Mlango ukapewa komeo kwa ndani. Magurudumu na ekseli mjomba aliviomba, akaundiwa mkokoteni wa kuchotea maji kisimani. Kwa kazi hiyo yamefaa sana.

Je, ukuta huo unaweza kumzuia simba? Namwomba Mungu nisipate kujua. Ninachoweza kusema ni kwamba sasa mtu aliye juu anasikia, akisikia asilolipenda ana mahali pa kushuka, na akishuka anaweza kujifungia. Hayo ni mambo matatu, na sanduku langu la kwanza halikuwa na hata moja.

Hata hivyo uhakiki wa kweli hauwezi kuishia kwenye ukuta. Wale watafiti walisema chanzo ni nguruwe, na nguruwe hazuiwi na mahali unapolala. Anazuiwa na uzio, na mashamba yaliyopakana badala ya kila mtu kulima peke yake katikati ya pori, na watu wengi wenye kukesha kwa zamu. Mjomba na majirani zake wawili wamekubaliana kulima bega kwa bega, na kwenye ukingo wa porini wameweka uzio wa miti na miiba. Nguruwe bado wanaingia, lakini si kama zamani. Jambo hilo halikuhitaji kuchomelewa wala kuchorwa. Lilihitaji mazungumzo ya jioni tatu, ambayo mimi, kwa haraka yangu ya kutengeneza kitu, sikuwa nimeyaona kuwa ni ubunifu.

Na bado kuna deni. Nilisema mwanzo kwamba kitu kilichoundwa na deni humtazama mdaiwa. Nilipokuwa nachora kuta zile nilidhani namlinda mjomba. Nikizitazama sasa, naona nilikuwa natafuta kibali cha kulala mjini bila kuamka usiku wa manane nikimfikiria. Sanduku lingelala Kilimarondo kwa niaba yangu. Kuna misaada mingi duniani yenye komeo kwa nje namna hiyo, inayomfungia anayesaidiwa na kumwacha huru anayesaidia.

Siku hizi, likizo ya Machi au Aprili ikifika, na hasa katika zile siku zinazofuata mbalamwezi pevu, naipanda pikipiki bila kitu nyuma yake isipokuwa godoro dogo na betri za kurunzi, naenda kushika zamu yangu. Mjomba hulala chini, ndani ya kuta, komeo likiwa upande wake. Mimi hukaa juu na debe. Bado nasinzia, na bado huamshwa kwa fimbo inayogonga sakafu ya fito kutoka chini, na sauti ikiuliza, "Mpwa wangu, unasikia?"

Nasikia, mjomba.